Mabingwa Wasioonekana: Rekodi za Seli Zinazotukinga, na Gharama ya Kila Rekodi

Mtu mzima wa kilo 73 amebeba seli za kinga zipatazo trilioni 1.8. Zingeweza kukusanywa zote na kuwekwa kwenye mizani, zingevuta kilo 1.2 hivi. Makadirio hayo yalichapishwa mwaka 2023 na kundi la watafiti wakiwemo Ron Sender na Ron Milo wa Taasisi ya Weizmann, Israeli. Sehemu kubwa ya seli hizo haipiti kwenye damu inayochukuliwa kidoleni. Zimekaa ndani ya uboho, tezi za limfu, bandama, ngozi na utumbo, kila kundi na kazi yake.

Hapa tumezipanga kwa rekodi: ipi ni nyingi zaidi, ipi ina haraka zaidi, ipi inakumbuka muda mrefu zaidi. Mahali pa kuanzia ni Ihanja, wilaya ya Ikungi mkoani Singida, nchi ya mtama, uwele na alizeti, ya ng'ombe na nyuki, ya miiba na vumbi la dhahabu. Baadaye tutasafiri hadi Kisumu, Nairobi, Kampala, Bagamoyo na Kivu, kwa sababu baadhi ya mambo makubwa yanayojulikana leo kuhusu kinga ya binadamu yaligunduliwa huku kwetu. Sharti ni moja tu: kila bingwa anatajwa pamoja na gharama ya ubingwa wake.

Nyingi zaidi kwa siku: nyutrofili

Mchunga ng'ombe akikanyaga mwiba wa mgunga, bakteria wa udongoni huingia pamoja na mwiba. Seli za kwanza kufika kwa wingi ni nyutrofili. Uboho wa mtu mzima hutengeneza nyutrofili zipatazo bilioni 100 kila siku, na zikishaingia kwenye damu nyingi hazimalizi hata siku moja. Zikipata dalili za kemikali kutoka kwenye jeraha, hujipenyeza kwenye ukuta wa mshipa na kutambaa kwa kasi ya maikromita 10 hadi 20 kwa dakika, yaani milimita moja hivi kwa saa. Huko humeza bakteria na kuwamwagia kemikali kali. Mwaka 2004 kundi la Arturo Zychlinsky kule Berlin lilionyesha jambo jingine: baadhi ya nyutrofili hutoa nje DNA yao wenyewe, ikawa wavu wa kunasa wadudu. Usaha unaokamuliwa siku chache baadaye ni mizoga yao kwa sehemu kubwa.

Kuna rekodi ya pembeni inayotuhusu sisi. Wengi wa watu wa Afrika Mashariki hawana alama iitwayo Duffy kwenye chembe zao nyekundu za damu. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba asiye na alama hiyo kwa kawaida haingiliwi na vimelea vya malaria aina ya vivax. Kukosa Duffy kunaendana pia na kuwa na nyutrofili chache kwenye damu inayopimwa, ingawa mtu ni mzima na uboho wake unafanya kazi vizuri. Kwa miaka mingi viwango vya maabara vilivyotokana na watu wa asili ya Ulaya viliisoma damu hiyo kama yenye upungufu, na wagonjwa wengine wenye asili ya Afrika wakapunguziwa dawa za saratani bila sababu.

Gharama: nyutrofili hazichagui. Kemikali inayoua bakteria huunguza pia nyama iliyo jirani, ndiyo maana jipu huuma na kuacha shimo.

Yenye haraka zaidi: seli masti

Asali ya Singida ina jina nchini, na anayeirina anaijua seli masti hata kama hajawahi kuisikia. Seli hizi hukaa kwenye ngozi kando ya mishipa ya damu, zikiwa zimejaa chembechembe za histamini. Nyuki akichoma, hufunguka ndani ya sekunde hadi dakika chache. Mishipa hutanuka, maji hutoka, mahali panavimba na kuwasha. Uvimbe huo hufungua njia kwa seli nyingine kufika, na vimeng'enya vya seli masti husaidia kuivunjavunja sumu.

Wafuga nyuki wanaochomwa mara kwa mara hubadilika. Utafiti uliofanywa kwa wafuga nyuki wa Uswisi ulionyesha kwamba katika msimu wa kuchomwa sana, seli zao za kinga ziitwazo seli T hubadili tabia na kuanza kutuliza badala ya kuchochea. Mtu anabaki na uvimbe mdogo pale ambapo mgeni angevimba mkono mzima.

Gharama: kwa mtu ambaye mwili wake umejenga kingamwili aina ya IgE dhidi ya sumu ya nyuki, seli masti za mwili mzima zinaweza kufunguka kwa pamoja. Midomo huvimba, pumzi hubana, shinikizo la damu huporomoka. Huyo ni wa kukimbizwa kituo cha afya akadungwe adrenalini. Si wa kusubiri nyumbani aone kama itapungua.

Mlafi kuliko wote: makrofaji

Kwa idadi, makrofaji ni kama asilimia 10 tu ya seli za kinga. Kwa uzito ni karibu nusu ya zote. Hukaa mapafuni, kwenye ini, kwenye bandama na karibu kila mahali pengine, na kazi yao ni kumeza. Bandama na ini peke yake huondoa chembe nyekundu zilizochakaa zaidi ya milioni 2 kila sekunde, na makrofaji ndizo zinazozila.

Aliyeziona kwa mara ya kwanza zikifanya kazi ya ulinzi alitumia miiba. Mwaka 1882 kule Messina, Italia, Élie Metchnikoff alichoma miiba ya waridi ndani ya mabuu ya kiti cha pweza, ambayo mwili wake hupenyeza mwanga. Kesho yake akakuta seli zimeuzunguka kila mwiba. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Gharama: asiyechagua chakula hulishwa sumu. Bakteria wa kifua kikuu, waliotangazwa na Robert Koch mwaka huo huo wa 1882, hupenda kumezwa. Wakishakuwa ndani ya makrofaji huzuia zisiwasage, wakaishi humo miaka. Inakadiriwa kwamba robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa, ingawa kwa asilimia 5 hadi 10 tu ndipo ugonjwa hulipuka baadaye. Kinachoongeza hatari hiyo kipo Ikungi kwenyewe. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaoshuka kwenye maduara na wanaosaga mawe kwa karasha huvuta vumbi la silika. Makrofaji za mapafu humeza vumbi hilo, hushindwa kuliyeyusha, hufa, na vumbi humezwa tena na nyingine. Pafu linabaki na makovu na walinzi wachache, na kifua kikuu hakipati kizuizi. Mchimbaji anayekohoa wiki mbili apeleke makohozi yakapimwe. Kumwagia mawe maji kabla ya kuyapasua na kuyasaga nako hupunguza vumbi linaloingia kifuani.

Anayepigana na adui mkubwa kuliko yeye: eosinofili

Katika damu ya mtu mwenye afya, eosinofili ni chini ya asilimia 5 ya chembe nyeupe. Idadi hiyo hupanda minyoo inapoingia. Mabuu ya kichocho yanayopenya ngozi ya mtoto anayeoga kwenye lambo yana urefu wa takriban mara kumi ya eosinofili moja, kwa hiyo hayamezeki. Mwaka 1975 Anthony Butterworth na wenzake, wakifanya kazi jijini Nairobi, walionyesha mbinu inayotumika: kingamwili huganda kwanza juu ya ngozi ya buu, eosinofili hujibandika juu yake, kisha humwaga protini zenye sumu zinazotoboa ngozi hiyo.

Ushahidi mwingine ulitoka Kisumu. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao waliwafuatilia waosha magari wanaosimama ndani ya maji ya Ziwa Victoria siku baada ya siku. Walitibiwa kwa prazikwanteli, wakaambukizwa tena, wakatibiwa tena. Baadhi yao, kila walipotibiwa, walichukua muda mrefu zaidi kuambukizwa upya. Maelezo yanayokubalika ni kwamba minyoo inayokufa kwa dawa huachia vipande ambavyo seli za kinga hazikuwa zimeviona vizuri minyoo ilipokuwa hai.

Gharama: ushindi huja polepole mno. Mnyoo wa kichocho aliyekomaa huishi mwilini miaka kadhaa, mara nyingine zaidi ya 30, na uharibifu wa kibofu na ini hutokana na kinga yenyewe kuyazingira mayai yake kwa makovu.

Iliyokaa muda mrefu zaidi bila kutambuliwa: seli dendriti

Mwaka 1868 mwanafunzi wa udaktari wa Berlin, Paul Langerhans, aliona kwenye ngozi seli zenye matawi. Akadhani ni za neva. Ilipita miaka 105 kabla ya Ralph Steinman na Zanvil Cohn wa New York kueleza, mwaka 1973, kundi la seli ambalo baadaye lilikuja kuonekana kuwa ndugu wa zile za Langerhans. Seli dendriti ndizo zinazookota kipande cha adui ngozini, zikasafiri nacho hadi kwenye tezi ya limfu, na kukionyesha kwa seli T mpaka ipatikane ile inayokitambua. Mtoki unaovimba kinenani baada ya kidonda cha mguu ni mahali mkutano huo unapofanyika.

BCG, chanjo ya kifua kikuu, hutegemea kazi hiyo. Nchini Tanzania hudungwa ndani ya ngozi ya bega la kulia, mtoto akiwa ametoka tu kuzaliwa, kwa sababu ngozi ina seli dendriti nyingi. Ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1921, baada ya Albert Calmette na Camille Guérin kukuza bakteria wake mara 230 kwa miaka 13 mpaka wakapoteza makali. Kovu analobaki nalo mtoto ni alama ya chanjo yenye zaidi ya miaka 100 kazini.

Gharama: seli inayosafiri hadi kwenye tezi inaweza kumbeba adui. Virusi vya UKIMWI huzitumia seli dendriti kama usafiri wa kuzifikia seli T. Steinman mwenyewe alifariki tarehe 30 Septemba 2011, siku tatu kabla ya kutangazwa mshindi wa Nobel. Kamati haikujua, na tuzo ikabaki kuwa yake.

Mzalishaji mkubwa zaidi: seli ya plazma

Seli B ikishamtambua adui na kukomaa, hugeuka seli ya plazma na kuanza kutoa kingamwili hadi 2,000 kwa sekunde. Kwa siku moja ni zaidi ya milioni 170 kutoka seli moja. Kingamwili hizo hunata kwenye virusi na sumu, zikavizuia visishike seli za mwili.

Faida yake huonekana chumba cha kujifungulia. Mbegu za bakteria wa pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi, na mahali penye zizi kila boma hazikosekani. Mjamzito akichanjwa, seli zake za plazma hutengeneza kingamwili ambazo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Mtoto huzaliwa akiwa na kinga ambayo hajawahi kuitengeneza, ikamlinda hata kama kitovu kitaingiwa na uchafu.

Gharama: kinga ya kuazimwa hupungua kwa nusu kila baada ya wiki tatu hivi. Ndiyo sababu kliniki inamtaka mtoto wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Anapaswa kuanzisha seli zake mwenyewe kabla za mama hazijaisha.

Kumbukumbu ndefu zaidi: seli B za kumbukumbu

Mafua makali ya mwaka 1918 yalizunguka dunia nzima na kufika pia Afrika Mashariki vita vilipokuwa vikiisha. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliwapima watu 32 waliozaliwa mwaka 1915 au kabla. Miaka 90 ilikuwa imepita, lakini damu yao ilikuwa bado na kingamwili dhidi ya kirusi kile, na kwa baadhi yao seli B zinazozitengeneza zilipatikana zikiwa hai.

Kumbukumbu iliyofaa watu wengi zaidi ukanda wetu ilitoka Kongo. Mwaka 1995 Ebola ilizuka Kikwit, wakaugua watu 315, na wengi wao wakafa. Miaka 11 baadaye mmoja wa walionusurika alitoa damu. Katika seli zake za kumbukumbu wanasayansi, akiwemo Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Kinshasa, walipata kingamwili moja yenye nguvu iliyopewa jina mAb114. Ebola ilipoishika Kivu Kaskazini mwaka 2018, kingamwili hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, pamoja na dawa nyingine tatu. Wagonjwa 681 walikuwa wameshaandikishwa jaribio liliposimamishwa Agosti 2019, kwa kuwa jibu lilikuwa wazi. Waliopewa mAb114 walikufa asilimia 35, ilhali kwa dawa mbili kati ya zile nyingine vifo vilikuwa karibu nusu. Seli za mtu mmoja wa Kikwit zilikuwa zimewaokoa watu wa Kivu.

Gharama: kumbukumbu huijua sura moja. Mafua hubadili sura kila mwaka, na bingwa wa miaka 90 hana la kusema kwa kirusi asichokifahamu.

Somo linalochelewa zaidi kueleweka: malaria

Mtu akipona surua, seli zake hujifunza mara moja na kwa kawaida haumwi tena. Malaria hufundisha tofauti. Mtoto wa eneo lenye mbu wengi huugua tena na tena kwa miaka ndipo apate kinga ya kutouawa, na hata hapo anaweza kuendelea kubeba vimelea. Kisa ni kwamba kimelea kina jeni 60 hivi za kubadilisha alama kinazozibandika juu ya chembe nyekundu, na seli B hulazimika kuzijifunza moja baada ya nyingine.

Wanasayansi nao walichelewa. Kazi ya kutengeneza chanjo ya RTS,S ilianza miaka ya 1980. Bagamoyo na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya jaribio kubwa lililoanza mwaka 2009 na kuhusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Chanjo nyingine, R21, iliyojaribiwa pia Bagamoyo, ilifuata Oktoba 2023.

Gharama: kinga ya malaria hulegea mtu akikaa mbali nayo. Msomi anayerudi baada ya kukaa miaka Ulaya huugua vibaya kuliko ndugu zake aliowaacha. Singida ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, jambo la kushukuru, lakini kijana wa Ihanja anayekwenda kutafuta dhahabu Geita anafika huko na seli zisizo na mazoezi. Chandarua kiwe mzigo wa kwanza kufungwa.

Waliokaa karibu na hatari zaidi bila kuambukizwa: wanawake wa Majengo

Kuanzia mwaka 1985, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba, akiwemo Frank Plummer na muuguzi Elizabeth Ngugi, waliwafuatilia wanawake wa mtaa wa Majengo, Nairobi, waliokuwa wakifanya biashara ya ngono. Wengi waliambukizwa VVU. Kundi dogo halikuambukizwa, mwaka baada ya mwaka, ingawa hatari ilikuwa ile ile. Mwaka 1996 matokeo yalichapishwa, na mwaka 1998 ikaelezwa kwamba baadhi yao walikuwa na seli T za kuua zinazovitambua virusi hivyo. Seli zilikuwa zimekutana na kirusi na kujifunza bila maambukizi kushika.

Gharama: ilijulikana baadaye. Baadhi ya wanawake waliopumzika kazi hiyo kwa muda, kisha wakarudi, ndio walioambukizwa. Inaelekea seli zao zilihitaji kuchokozwa mfululizo ili zibaki macho, na mapumziko yakazipunguza. Hakuna aliyeshauriwa kuitegemea kinga ya namna hiyo, ila ilionyesha watafuta chanjo kwamba kirusi hicho si adui asiyezuilika.

Ukuaji wa kasi zaidi, rekodi isiyotakiwa: seli B iliyoasi

Mwaka 1957 katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya. Alichapisha habari hizo mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson waliendesha gari kuukuu maili 10,000 kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, wakipita Tanganyika na kuuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zinaufahamu ugonjwa huo. Ramani ikafanana na ya malaria: penye joto na mvua uvimbe upo, penye baridi na ukame haupo. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo.

Ni saratani ya seli B, na ndiyo inayokua kwa kasi kuliko uvimbe mwingine wowote wa binadamu: seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hapa gharama na rekodi ni kitu kimoja. Ili seli B itengeneze kingamwili mpya, hukata na kuunga DNA yake yenyewe. Ndivyo watu wenye jeni 20,000 hivi wanavyopata aina zisizohesabika za kingamwili, jambo lililompatia Susumu Tonegawa Nobel ya mwaka 1987. Malaria inayorudi kila mara huilazimisha seli B ikate na kuunga bila kupumzika, kirusi cha Epstein-Barr huizuia isife, na siku moja kipande huungwa pasipo pake. Habari njema ni kwamba saratani hii husikia dawa haraka kama inavyokua. Mtoto mwenye taya linalovimba asicheleweshwe kwa kungojea jino ling'oke.

Rekodi fupi fupi

*Adimu zaidi:* basofili, chini ya asilimia 1 ya chembe nyeupe za damu.

*Isiyosubiri mafunzo:* seli wauaji wa asili, zilizoelezwa mwaka 1975. Huua seli iliyoambukizwa bila kuwa zimewahi kukutana na kirusi chake.

*Mchujo mkali zaidi:* tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Zaidi ya asilimia 95 ya seli T changa hufa humo kwa kushindwa mtihani au kwa kuonyesha dalili za kuushambulia mwili. Jacques Miller aligundua kazi yake mwaka 1961 tu.

*Mpole zaidi:* seli T dhibiti, ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao. Zilitambulishwa na Shimon Sakaguchi mwaka 1995. Mwaka 2025 yeye, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakapewa Nobel.

*Adui mwenye sura nyingi zaidi:* kimelea cha malale na nagana, anayeenezwa na mbung'o. Ana jeni zaidi ya 2,000 za koti lake la nje. Kingamwili zikilizoea koti moja, anavaa jingine.

*Mwizi mkubwa wa kumbukumbu:* surua. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto waliougua walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto anapona vipele, kisha nimonia aliyokwisha kuizoea inamkuta kama mgeni.

Ushindi mkubwa kuliko wote

Tarehe 26 Oktoba 1977, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, alitokwa na vipele. Alikuwa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Alipona. Miaka miwili baadaye, siku kama hiyo, ilitangazwa Nairobi kwamba Pembe ya Afrika imesafika, na tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha ulimwenguni. Ushindi huo haukuwa wa seli moja. Chanjo ilizionyesha seli dendriti sura ya adui, seli T zikaitikia, seli B zikakumbuka, na wachanjaji wakatembea kijiji kwa kijiji mpaka kirusi kikakosa mtu wa kumwingia.

Maalin naye baadaye akawa mhamasishaji wa chanjo ya polio. Alifariki Julai 2013 akiwa kazini, kwa malaria. Seli zilizoishinda ndui hazikuwa na jibu kwa adui wa aina nyingine. Rekodi ya ugonjwa mmoja haihamii kwa mwingine.

Ndiyo maana kadi ya kliniki ina mistari mingi. Kwa mzazi wa Ihanja, mstari wa kuangalia kwanza ni ule wa surua wa miezi 18, unaorukwa mara nyingi kuliko ule wa miezi 9 kwa kuwa mtoto tayari anatembea na anaonekana mzima. Gharama yake ni sindano moja na pengine homa ya siku moja au mbili. Katika orodha hii yote hakuna ubingwa mwingine unaopatikana kwa bei ndogo hivyo.